Tope la Mtaro wa Fidencio

Watu wa Xochimilco, mji wa mifereji na mitaro, walimwita Fidencio Galicia mkaidi, na hawakumsingizia. Majirani waliacha kulima, mmoja baada ya mwingine, wakageuza mashamba yao viwanja vya mpira na kumbi za harusi. Yeye alibaki kwenye chinampa yake, kipande cha ardhi chenye mitaro pande tatu, akipanda saladi kama babu yake. Tena akaongeza wazimu mwingine: mtaro mmoja aliuziba kwa mawe mekundu ya volkano na majani ya maji, ili perege wasipite. Perege, ambao kwingine ni kitoweo cha heshima, huku waliletwa zamani wakageuka majambazi. Walikula mayai ya aholote mpaka mfereji mzima ukabaki mtupu.

Aholote, kiumbe wa majini, ana miguu minne, mkia, mashungi nyuma ya kichwa, na mdomo wa mtu anayezuia kicheko. Porini hapatikani kwingine popote duniani. Utotoni Fidencio aliwaona wakijaa kwenye wavu wa mama yake. Sasa mtaroni mwake alibaki jike mmoja, aliyepoteza kidole kimoja kati ya vinne vya mkono wa kushoto. Dume wake alichukuliwa na korongo mwezi wa kwanza. Tangu mkewe Ofelia afariki, Fidencio alikuwa akiinama mtaroni kila asubuhi na kumwuliza jike yule, "Umeamkaje, bibi?" Watu walimcheka, naye hakujali.

Mwaka huo mvua zilikatika mapema. Maji yakashuka, mfereji mkubwa ukanuka choo. Na saladi ya huko huanzia kwenye tope: unalichota chini ya maji kwa mfuko wa turubai uliofungwa kwenye mti mrefu, unalimwaga kitaluni, unalisawazisha, na likikaza kidogo unalikata kwa kisu vipande vidogo vya mraba, kila kipande na mbegu yake. Mara mbili Fidencio alitumia tope la mfereji mkubwa, na mara mbili miche yote ikanyauka.

Siku moja alipita Leobardo, kaka yake Ofelia, akisukuma mtumbwi kwa upondo. Huyo hakuweza kupita bila kuchokoza.

"Shemeji, yaani wewe unakula tortilla na chumvi, mijusi yako inalalia tope safi?"

"Si mijusi."

"Haya, mabinti zako. Basi waambie wakupikie."

Fidencio alicheka, lakini maneno yalimwingia. Usiku kucha hayakumtoka. Babu yake alimfundisha kwamba hakuna tope zuri kama la mtaro uliopumzishwa, na mtaro ule ulikuwa umepumzika miaka tisa. Akajiambia ni tope la mtumbwi mmoja tu, tena kutoka ncha ya mbali. Jike siku zote alitaga upande wa mierebi, penye kivuli. Huko mbali hakuwahi kumwona.

Hakuwaza kwamba upande wa mierebi maji sasa yalikuwa ya kufika vifundoni, na yamepata joto. Kiumbe mwenye akili angehamia kwenye kina. Mzee aliyekaa na maji miaka sitini na mitatu alipaswa kulijua hilo kabla ya kiamsha kinywa. Lakini kichwani alikuwa na saladi.

Alichota asubuhi, akamwaga, akasawazisha. Mchana akapiga magoti na kuanza kukata. Mstari wa tano, kisu kikapita kwenye kitu laini. Alidhani ni mzizi wa yungiyungi, akauvuta. Ukatoka mkono mdogo wa kushoto, wenye vidole vitatu.

Alikuwa yule jike, amekatwa, hana uhai tena. Alimweka kwenye kofia yake, akaanza kukifumua kitalu kwa vidole. Kwenye vijiti vya majani aliyoyazoa pamoja na tope yalikuwa yameganda mayai, na jua lilikuwa limeshayapiga. Leobardo alimkuta alasiri, tope limemfika kwenye nyusi.

"Shemeji, umepatwa na nini?"

"Nisaidie kutafuta. Yana nukta nyeusi katikati."

Leobardo aliona kilichokuwa ndani ya kofia. Akapiga magoti upande wa pili, na siku hiyo hakutania tena. Waliokoa mayai thelathini na moja, wakayaweka kwenye beseni la maji safi chini ya kivuli. Kila asubuhi mengine yalikuwa yamegeuka meupe. Siku ya sita yote yalikuwa meupe na yameota ukungu. Fidencio alikaa karibu na beseni akalia kama alivyomlilia Ofelia, bila kujificha.

Alhamisi akaja Maricruz, msichana wa chuo kikuu aliyekuwa akija kuhesabu aholote kila mwaka. Alitupa wavu mara saba, ukatoka na konokono. Akaandika sifuri kwenye fomu yake, kisha akauliza aweke alama kwenye sababu ipi: ukame, maji machafu, au samaki wa kigeni.

Fidencio alimweleza yote, bila kuruka kitu. Maricruz akasema kwa upole kwamba kosa ni la ukame, kwamba ataandika ukame.

"Mwanangu, ukame haukushika kisu. Andika Fidencio Galicia."

"Hapa hakuna nafasi ya jina, mzee wangu."

"Basi andika pembeni."

Akaandika. Fidencio alimwomba amsomee, maana hakuwa na miwani, naye akasoma.

Kesho yake Leobardo alipita tena. Alimkuta shemeji yake ndani ya maji mpaka kiunoni, akipanga upya mawe mekundu ili perege wasipite. Alisimamisha upondo, akamtazama kitambo. Hakumwuliza anamlinda nani.