Mparachichi wa Mke Mkubwa

Mumewe alipohamia kwa mke mdogo alibeba kitanda, redio, hata bawaba za mlango. Aliacha mparachichi, maana haubebeki. Baba mkwe, kabla ya kufariki, aliwakalisha wanawe uani akatamka: mti ule ni wa mke mkubwa maadamu uko hai, pamoja na chumba kilicho kando yake. Siku utakapokufa, kila kitu kirudi kwa wanawe. Jina la mke mkubwa likamganda. Alilivaa kama nguo ya mtumba: haimkai vizuri, lakini avae nini?

Kwa miaka hakuugusa mti kwa chuma. Wenzake waliogopa wezi; yeye aliogopa mchwa, ukungu, na jani linalogeuka njano kabla ya wakati wake. Mti nao, kama mtoto aliyedekezwa, ukajiendea juu kutafuta jua. Matunda yakawa ya ndege. Yaliyobaki yalianguka kama mawe kwenye bati la shemeji yake, ndugu wa mume aliyejenga jirani.

Asubuhi moja shemeji akamwita.

"Shemeji, sina ugomvi na wewe. Upunguze huo mti kabla ya mvua, au nimlete mwenye mashine. Yule hapunguzi, anaangusha."

"Nikiupunguza ukafa?"

"Si utakuwa umekufa." Akarudi ndani kumalizia chai yake.

Usiku na mchana mke mkubwa akawa anapiga hesabu. Akiukata, huenda ukafa, asipoukata, utaangushwa. Na tawi nene kuliko yote lilikuwa limelala juu ya bati lenyewe. Hilo halikatwi likaachwa lianguke. Hufungwa kamba, kamba ikapitishwa kwenye panda ya juu, ikazungushwa shinani, na mtu wa chini akaiachia kidogo kidogo. Mtu wa chini hakuwepo ila wifi yake, dada wa mume, aliyecheza arusi ya mke mdogo mpaka viatu vikakatika.

"Wifi, nishikie kamba."

"Nikushikie kamba na roho pia?"

"Kamba tu. Roho nitashika mwenyewe."

"Haya. Ila ukianguka usiniangukie, mimi nina mgongo."

Akapanda. Akafunga kamba kwenye tawi, akaipitisha pandani, akamteremshia wifi ncha. Akaanza kukata kwa chini ya tawi, ili gome lisichanike hadi shinani, kisha akahamishia msumeno juu. Hapo akatazama chini. Akaona kilemba cha wifi na ile mikono miwili. Ikifunguka tu, bati litapasuka, mashine italetwa, na chumba kitarudi kwa kaka za wifi. Wala hakuna atakayemlaumu, kamba huteleza. Msumeno ukasimama.

"Unangoja nini?"

"Wifi, hutaachia?"

Jasho likamwingia machoni.

"Ile redio aliyobeba kaka ilikuwa yangu," wifi akasema. "Kata, mikono inaniuma."

Akakata. Tawi likalia, likavunjika kabla msumeno haujamaliza. Kamba ikakazika, wifi akaburutwa mpaka bega likagonga shina, akauma meno, hakuachia. Majani yakalifagia bati, tawi likashuka, likalala uani kama ng'ombe mgonjwa.

Yaliyosalia yalikuwa mepesi. Waliacha matawi machache ya chini yenye majani, wakapaka chokaa penye uchi ili jua lisichome gome. Shemeji akatoka, akauzunguka.

"Huu ni mti au nguzo ya umeme?"

Tangu siku ile shemeji akawa anapita na kamba ya kupimia, akipima kiwanja pole pole, kama mtu anayepima jeneza la mgonjwa asiyekufa bado. Mke mkubwa naye kila alfajiri alikwaruza gome kwa ukucha. Kijani chini ya gome, bado u hai. Kesho yake tena.

"Utauua kwa kucha," wifi akamwambia.

Mvua zikaja. Shina likatoa machipukizi mekundu, yakabanana kama watoto kwenye bomba la maji. Alijua yote hayabaki. Mengi huvunjwa ili machache yapate nguvu. Alilishika moja, mkono ukagoma.

"Wifi, vunja wewe."

"Mti wako huo."

Akafumba macho, akavunja. Alisubiri, akisikiliza kama mti utalia. Kisha akashika la pili.