Siku Tuliyompelekea Mtani Maiti ya Betri

Pikipiki ya babu mzaa mama ni ya Kiingereza, nyeusi, na umri wake unampita mama yangu. Babu huihesabu miongoni mwa watoto wake, tena wale watiifu. Kila alipoozesha binti, alikunja kanzu yake kiunoni, akaipanda, akatangulia mbele ya magari ya harusi huku akipiga honi kutoka nyumbani kwetu Morogoro mjini mpaka mlangoni kwa bwana harusi. Mama yangu alitangulizwa. Mama wakubwa walitangulizwa. Akabaki mama mdogo, kitindamimba, ambaye tangu utotoni alikuwa akiingoja zamu yake. Mwaka jana akapata mchumba, kijana wa Mlali anayelima nyanya. Siku ikapangwa, na betri ya pikipiki ikafa.

Pikipiki ile bila betri haiwaki. Unaweza kuipiga kiki mpaka goti lihamie kwenye mguu mwingine, itakukoholea tu kama mgonjwa anayetaka uji.

Bibi hajawahi kuipenda. Inamwagia oili uani kwake, na kuku wanatagia chini yake mayai yanayonuka petroli. Basi akatoa hukumu tukiwa tunakula.

"Ikimtanguliza huyu mtoto, sawa, itakaa. Isipomtanguliza, Jumatatu inayofuata inapanda mkokoteni. Nimeshaongea na yule mnunuzi wa vyuma chakavu."

Babu alikuwa na tonge mkononi. Alilirudisha kwenye sahani. Sijawahi kumwona babu akirudisha tonge.

Dawa ya kwanza ilikuwa jua. Kila mtu anajua betri za redio zikichoka unazianika, zinapata nguvu za kumalizia taarifa ya habari. Babu akaianika betri ya pikipiki juu ya bati.

"Igeuze," bibi akamwambia, "upande mmoja utaungua."

Mimi nikaipandia na mafuta ya nazi, nikaipaka isije ikapauka.

"Mke wangu," babu akaniita, maana mimi ni mke wake mdogo, "unanicheka?"

"Hapana, mume wangu. Namtunza mgonjwa."

Mgonjwa hakupona. Tukaanza kuzunguka madukani. Mama husema zamani ukiona foleni unajipanga kwanza, ndipo unauliza wanauza nini. Sasa kila biashara ni ruksa, na Morogoro ina kila kitu: redio za kaseti mbili mbili, manukato ya Dubai, viatu vya mitumba vilivyokwishajua njia ya Ulaya, saa za ukutani zinazoimba. Betri nazo zimepangwa mpaka dari. Nilidhani tumemaliza kazi. Kumbe betri zote za dunia hii mpya ni za volti kumi na mbili, na pikipiki ya babu inataka sita.

"Mzee, weka hii hii," muuzaji mmoja akamwambia. "Itakuwa na nguvu mara mbili!"

"Wewe daktari akikwambia meza kidonge kimoja, unameza viwili upone mara mbili?" babu akamuuliza.

"Basi mzee nunua saa."

Tulitembea duka kwa duka mpaka viatu vyangu vya shule vikafungua midomo. Jibu ni lile lile. Volti sita zilikwisha, volti sita ni za wakoloni, volti sita kaulize makumbusho.

Ilibaki betri moja tu ambayo babu aliijua, na hilo ndilo lililokuwa likimuuma. Ilikuwa Mlali, dukani kwa mtani wake.

Mzee huyo anauza mbegu, misumari na mafuta ya taa. Yeye na babu walinunua pikipiki za aina moja, na ya kwake imebaki injini na tangi, magurudumu yalishauzwa. Lakini betri mpya anayo, ya volti sita, kavu, haijawahi kutiwa maji, imekaa juu ya rafu kwenye boksi lake kama bibi harusi anayesubiri posa. Babu alikuwa ameshaenda kuiomba kwa bei yoyote. Alijibiwa, "Niletee hiyo pikipiki yako niinunue mimi. Betri yangu itapata pa kukaa." Babu akarudi akaapa hakanyagi tena pale.

Sasa niwaeleze huu utani. Ukoo wa babu na ukoo wa mzee yule ni watani tangu zama za mababu. Wanatukanana mbele za watu na hakuna ruhusa ya kununa. Lakini msiba ukitokea, mtani ndiye mwenye kazi. Anachimba, anabeba, anawachekesha wafiwa mpaka wasahau kulia, na anaweza hata kuingia kaburini akagoma kutoka mpaka alipwe. Kitu kimoja hawezi: kukataa kuja. Mtani aliyekimbia msiba haendi tena mahali akatazamwa usoni.

Wazo lilinijia darasani, mwalimu wa Fizikia akichora betri ubaoni. Nikacheka kwa sauti. Nikatolewa nje, ambako nilipata utulivu mzuri zaidi wa kupanga mambo.

Jumamosi ni siku ya gulio Mlali. Nilimchukua binamu yangu, mvulana asiyejua kitu kingine ila kulia vizuri. Tulimwaga maji yote ya betri, tukaivisha sanda ya kipande cha shuka jeupe, tukaziba kwa pamba vichwa vyake viwili kama pua. Tukapanda gari la Mlali. Mama mmoja aliyekaa pembeni aliona kifurushi, akatusogelea kwa huruma.

"Poleni wanangu. Alikuwa na umri gani?"

"Mtu mzima, mama. Alifia kazini."

Pale gulioni tukajitwika marehemu kichwani, tukaingia katikati ya mafungu ya nyanya. Binamu akafungulia. Jamani, yule mtoto analia! Wauza ndizi waliacha ndizi. Mpaka tunafika mlangoni kwa mtani tulikuwa na msafara nyuma yetu.

"Shikamoo, mtani," nikasema.

"Marahaba. Kuna nini? Nani kafa?" Mzee alikuwa ameshavua kofia.

Nikamweka marehemu juu ya kaunta, nikamfunua uso.

"Tumefiwa, mtani. Babu kasema mwenye kazi ya kuzika ni wewe."

Watu walinyoosha shingo waone. Kisha mchuuzi mmoja wa samaki wa kukaanga akapasuka, na gulio zima likafuata. Kuna mzee alisema astaghfirullah, lakini na yeye mabega yalikuwa yanatikisika. Mtani alimtazama marehemu, akanitazama mimi, akatazama watu. Nilijua nimemshika. Kukataa hawezi, kununa hawezi.

"Babu yako ana sura ya kima," akasema taratibu, "lakini amezaa watu wenye akili. Lete jembe!"

Nyuma ya duka akachimba kishimo, jasho likimtoka, huku akimsimanga marehemu kwamba amekaa miaka yote chini ya makalio ya mtu asiyejua kuendesha. Watu walikuwa hoi. Mimi nikajisogeza kuanza hotuba niliyoiandaa, kwamba marehemu ameacha pengo na mrithi wake yupo juu ya rafu. Sikuipata nafasi. Mtani alitumbukiza miguu yake miwili kwenye kishimo, akakaa ukingoni, akakunja mikono.

"Hazikwi mtu hapa. Nataka haki yangu."

Hapo nilikwama. Nilimletea msiba nikasahau kwamba msiba una ada yake, na ya kumlipa sina. Mfukoni nilikuwa na nauli na ubani.

"Unataka nini, mtani?" nikauliza, sauti imepungua.

"Mrithi mnamtaka?"

"Tunamtaka."

"Mchukueni. Lakini siku ya harusi napanda pikipiki hiyo. Na kuanzia daraja la kuingia Mlali, babu yako anashuka, naendesha mimi. Watu wangu wanione."

"Mpe, mpe!" watu wakapiga kelele.

Kumpa! Babu anayeifuta pikipiki kwa fulana yake ya ndani, asiyeruhusu hata mama mdogo aikalie. Ningerudi kumwambia nini? Lakini nilimfikiria kwanza mnunuzi wa vyuma na nyundo yake, kisha nikanyoosha mkono.

"Umepata, mtani. Kwa niaba ya babu."

Tukazika. Binamu alilia upya, safari hii bila kuambiwa. Nikashuka garini mjini na boksi kifuani, na sketi ya shule imejaa matundu, kwa sababu maji ya betri tuliyodhani tumeyamwaga yalibaki kidogo, yakanivujia nilipompakata marehemu, yakala kitambaa.

Babu alinisikiliza mpaka nikamaliza. Boksi lilikuwa magotini mwake.

"Umeniuza, mke wangu."

"Kipande tu, mume wangu. Kutoka darajani."

Akaanza kucheka tumboni, kile kicheko kinachokwenda mpaka kwenye mabega. "Alikaa kaburini kweli?"

"Miguu yote miwili."

Betri ikatiwa maji, ikalala kwa fundi ikichajiwa, na asubuhi babu akaifunga mahali pake mwenyewe, hataki mtu aguse spana. Tulisimama uani wote, hata bibi, ambaye alidai ametoka kuanua nguo ingawa kamba ilikuwa tupu. Babu akapiga kiki. Ikakohoa. Akapiga tena. Ikanguruma! Kuku waliruka ukuta. Mama mdogo alikimbia nje na hina mbichi mikononi, akamkumbatia babu, na fulana ya babu mpaka leo ina viganja viwili mgongoni.

Siku ya harusi mtani alifika alfajiri, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, miwani ya jua ya mtumba usoni. Akakaa nyuma ya babu. Sisi tulikuwa kwenye gari la wazi nyuma yao, na tuliwasikia wakitukanana kuanzia nyumbani, mmoja akimwambia mwenziwe apumue upande mwingine, milima ya Uluguru yote ikiwatazama. Daraja likaonekana. Mtani akampiga babu begani. Babu akaitika kwa kichwa, akapunguza mwendo kabisa, karibu kusimama.

Kisha akaongeza moto.

"Mwizi!" mtani akapiga ukelele, miguu hewani. "Mwizi wa daraja! Simamisha, kima wewe!"

Honi ikampokea. Watu wa Mlali waliojipanga barabarani walidhani hizo ni shangwe, nao wakaitikia kwa vigelegele. Bibi alikuwa mbele kwenye gari letu, karibu na dereva, na bibi harusi ubavuni kwake. Alichungulia dirishani, moshi ukimwingia puani.

"Dereva, kanyaga," akasema. "Mume wangu anakimbia na betri ya watu."

Jumatatu mnunuzi wa vyuma alikuja na mkokoteni kama walivyokubaliana. Alimkuta mtani ameshakalia pikipiki uani, amefika kabla ya chai kudai haki yake, na babu ameshikilia usukani akimwambia ashuke.

"Mama, nabeba kipi?" mnunuzi akamuuliza bibi.

Bibi akamletea sufuria lililotoboka.

"Na ile?"

"Ile ina kazi," bibi akasema.

Mtani akapiga kiki mara moja tu. Ikawaka. Babu akarukia nyuma asije akaachwa, wakatoka getini wawili wale wakigombania honi, na bibi akabaki amesimama barabarani akiwafuata kwa macho mpaka wakakata kona.