Kijiko cha Paka na Kikapu cha Mama Mkwe

Nianze na la aibu: nilipekua kikapu cha mama mkwe wangu akiwa kanisani. Kwetu mkwe hata kitanda chake hukikaribii, na mimi nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, mkono umezama mpaka kiwiko, natafuta sukari. Nilikuta Biblia, tochi, na nguo ambazo mkwe hatakiwi kujua kama zipo. Sukari hakuna. Ndiyo nikazidi kumshuku. Mtu asiyeacha hata ushahidi, huyo ni mjanja.

Paka wetu alikuwa amegundulika ana kisukari. Miaka hiyo tunakaa Rau, na ukimwambia mtu unamchoma paka sindano ya kisukari anakuuliza kama na ng'ombe wako wana presha. Daktari wa mifugo alinipa masharti. Sindano asubuhi na jioni. Kila asubuhi nipime mkojo kwa kijikaratasi: kikibaki bluu, mambo safi, kikigeuka kahawia, sukari iko juu, dawa iongezwe.

"Na uweke glukosi karibu," akasema. "Sukari ikishuka mno atalegea. Mpake kwenye fizi haraka. Ukichelewa, umempoteza."

Basi mimi, niliyeacha shule kidato cha pili kabla hakijaisha, nikawa nesi. Nilipanga vifaa vizuri. Dawa kwenye friji, sindano kabatini, na kijiko cha kukingia mkojo nilikiosha kwa sabuni, nikakichomeka ndani ya kopo la glukosi kisishike vumbi. Kila alfajiri nachomoa kijiko, namfuata paka migombani. Akichuchumaa nachuchumaa, nausogeza mkono taratibu kama mwizi wa mayai.

Kila siku kahawia.

Mama mkwe alikuwa ameshuka kutoka Old Moshi wiki ileile tuliyoanza sindano, na maziwa na mkungu wa ndizi. Kwake yeye, chochote chembamba kina njaa.

"Shikamoo mama. Huyu paka umempa kitu?"

"Marahaba baba. Nimempa pole."

Hata hiyo pole niliishuku. Nikamshuku mke wangu, nikamshuku muuza dawa kwamba kanipimia maji. Nikarudi kwa daktari: kahawia. Akaongeza dawa. Kahawia. Akaongeza tena. Jumapili yake ndiyo nikaingia kwenye kikapu.

Jumatatu asubuhi paka alitoka chini ya meza anayumba kama katoka kwenye pombe ya mbege, akaanguka ubavu jikoni, macho wazi. Mimi nimesimama na kidole juu.

"Mmempa nini? Nani kampa nini?"

Mama mkwe akalivuta kopo kutoka kwenye rafu, akachota glukosi kwa kidole, akaanza kumsugua fizi.

"Wewe uliza," akasema. "Mimi nampaka."

Alisugua mpaka paka akaanza kulamba kidole. Tukamtia kwenye boksi, mimi, mke wangu na mama mkwe, na kopo letu, mpaka kwa daktari. Akampima damu: sukari ilikuwa chini kabisa, dawa ilikuwa imemzidi. Akanigeukia.

"Hebu nionyeshe unavyokinga."

Nikachomoa kijiko koponi kwa madaha. Akakitazama, kimejaa unga mweupe. Akakinga maji ya bomba kwenye kijiko hichohicho, akachovya kijikaratasi, tukasubiri.

Kahawia.

"Basi na bomba langu lina kisukari," akasema. "Tulichome sindano?"

Nilimtafuta mama mkwe kwa macho. Alikuwa kwenye benchi na boksi mapajani.

"Mama, naomba unisamehe. Nilikushuku wewe."

"Najua, baba. Khanga zangu nakunja kwa nne. Nimezikuta kwa tatu."

Akaendelea kumkuna paka kichwani. Paka alipona kwa dawa nusu ya ile ya mwanzo, na mkojo wake ukahamia kwenye kikombe chake mwenyewe. Mama mkwe aliporudi mlimani, kikapu alikifunga kwa kamba, mafundo mawili.

Habari hii nilimsimulia rafiki yangu tuliyekuwa tunatengeneza naye baiskeli Pasua. Alicheka mpaka akakalia tairi. Halafu akaacha kucheka, akanitazama.

"Ile spana namba kumi na tatu iliyopotea," akasema, "ulisema nimeiuza mimi. Leo, kaka, anza kutafuta mifukoni mwako."