Kipepeo, Inuka

Fundi redio alikuwa na mkosi wa aina yake: kila redio aliyoifufua ilianza uhai wake mpya kwa kumpigia wimbo wake mwenyewe. Anaunganisha waya, anawasha, na cha kwanza kutoka ni gitaa lake. Mteja anatikisa kichwa, mabega yanafuata. "Sasa imepona," anasema. Fundi anaizima haraka kama mtu aliyeshika pasi ya moto.

Ufundi ulikuwa kazi ya mchana. Mwisho wa wiki alipiga gitaa kwenye bendi ya dansi ambayo kwa miaka mingi ilitumbuiza viti vitupu. Mkewe alikuwa mtu asiyetulia. Ukimwacha jikoni unamkuta kwa jirani anasuka mtu nywele, ndipo Fundi akambandika jina la Kipepeo. Kisha maradhi yakammaliza nguvu za miguu, akawa wa kulala tu. Kitandani pale alikuwa akiimba mdomo umefumbwa, wimbo usio na maneno, na Fundi huketi kando akimfuata taratibu kwa gitaa. Kila asubuhi alimwambia, "Kipepeo, inuka." Naye hutabasamu, "Kesho." Asubuhi moja hakujibu.

Arobaini ilipopita Fundi akaupeleka wimbo ule mazoezini. Sasa bendi ile ilikuwa na sheria yake: hakuna wimbo unaotoka bila sebene, ile sehemu ya mwisho ya kasi inayowatoa watu vitini. Kiongozi alisikiliza, akafuta macho, akasema, "Pole sana, ndugu yangu. Lakini mtu akitaka kulia, si ana kwake? Tuwaanze polepole, mwishoni tuwachangamshe." Fundi akakubali. Alidhani sebene litakuwa kijimkia tu. Tena ni yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, aliyempa mpiga kelele wa bendi, yule anayewachochea wachezaji, yale maneno ya kila asubuhi.

Wimbo uliporekodiwa, redio zikautupa mwanzo wake. Watangazaji walisema unasinzisha, wakawa wanaanzia pale sauti inapopasuka: "Kipepeo, inuka!" Nchi nzima ikainuka. Maharusi wakainuka, muuza mitumba akarusha blauzi juu kwa jina hilo, na wanafunzi wakawaamsha hivyohivyo wenzao wanaosinzia darasani. Wimbo wa mwaka, walisema. Bendi ikajaza ukumbi mpaka mlangoni, na waliokuwa wakimpita Fundi barabarani kama nguzo ya umeme wakaanza kumwita mheshimiwa.

Binti yake alikuja ukumbini mara moja tu. Ndiye aliyekuwa akimgeuza mama yake kitandani, ndiye aliyemwogesha. Baba alimwalika kwa fahari, masikini, akitaka asikie marehemu alivyoenziwa. Sebene lilipoanza, binti aliwatazama watu wanavyoruka, akachukua mkoba wake akaondoka. Tangu hapo simu hapokei. Aliyeleta habari ni mama yake mdogo.

"Shemeji, mtoto anasema umemchezesha mama yake."

"Mimi? Mimi nilikuwa namlilia."

"Nimetumwa tu, shemeji. Lakini hata mimi, nikiusikia, nafunga dirisha."

Fundi akamwendea Kiongozi, akamwomba wauache. Kiongozi alimtazama kwa huruma ya kweli. "Tukiuacha huo, ndugu yangu, watu waje kusikiliza nini?" Fundi akafungasha gitaa lake akatoka. Wiki iliyofuata walimweka kijana aliyekwisha kariri vidole vyake vyote, na ukumbi ukajaa vilevile. Hakuna aliyeuliza yule mzee yuko wapi.

Akaenda kwa binti yake. Chumba kimoja, ndoo ya nguo mlangoni, mjukuu amekaa mkekani.

"Nimeacha bendi, mwanangu."

"Na wao, wimbo wameuacha?"

Binti alisuuza nguo aliyoishika, akaikamua, akaitundika. Halafu akaja kuketi mbele yake. "Basi nipigie ule wa mama. Ule wa kitandani. Nimeanza kuusahau, baba."

Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi moyo wake ulipata tumaini. Alikaza nyuzi, akaanza. Mwanzo ulitoka sawa, kisha vidole vikakimbia.

"Polepole, baba."

Akarudia. Vikakimbia tena. Aliweka gitaa chini, akafumba mdomo, akajaribu kuuimba kama mkewe. Alitafuta pale Kipepeo alipokuwa akivuta pumzi, asipaone. Kilichomjia ni kelele ya ukumbini, ileile, na makofi yake. Mjukuu aliisikia ile kasi katika mguno wa babu yake, akashika ukingo wa ndoo, akainuka, akaanza kutikisa makalio huku akicheka.

Binti alimnyanyua mtoto akampakata.

"Kwa hiyo na wewe hunao tena," alisema.

Hakuwa na hasira hata kidogo. Bora angemtukana.