Kikasha cha Maganda ya Mgomba

Mama yangu alikuwa haamini kuku. Kahawa ikianikwa alinikalisha kando ya mkeka na fimbo niwafukuze, halafu yeye mwenyewe akanichungulia dirishani, maana hata mimi hakuniamini. Tabia hiyo imenikaa. Mpaka leo na uzee huu, kahawa ikiwa juani siondoki uani. Sasa mtu wa kukaa kutwa, mikono itafanya nini? Majirani huja na karata.

Ndivyo alivyotuzoea fundi baiskeli mmoja wa kutoka Muleba. Siku hizi kila kijana ana pikipiki, kazi yake ilikuwa imelala, akawa anatafuta kibanja alime migomba. Mjane mmoja hapa Isingiro, tunayepakana naye, alikubali kumuuzia, ila majirani turidhike. Kuridhika kwetu ni kunywa. Mnunuzi analeta rubisi, ile pombe ya ndizi, anaonja yeye kwanza, kisha kata ya kunywea inazunguka. Asiyekunywa amekataa.

Fundi alikuwa na mchezo wa karata unaojulikana na kila mtu: chagua moja, irudishe, nikutajie. Tulimwambia umetuchosha. Basi akaenda kuuboresha. Siku ya rubisi akaja na kikasha alichoshona mwenyewe kwa maganda makavu ya mgomba. Akanipa nikitazame, kitupu. Nikakifunga, nikakishika. Mjane akachagua saba ya kopa, akairudisha, fundi akazichanganya. Akaniambia nikipindue kikasha, nikifungue. Saba ya kopa imo.

Hakuna aliyepiga makofi. Mjane akauliza taratibu, anayeingiza kitu palipofungwa, nyumba yangu itamshinda?

Fundi alicheka, akaona anacheka peke yake. Akakipasua kikasha mbele yetu: kilikuwa na sakafu mbili, ya juu imelegea, ukipindua inaanguka. Saba ya pili ilikuwa imelala chini yake tangu mwanzo, na ile aliyoichagua mjane, fundi ndiye aliyemsukumia bila mwenyewe kujua. Nilielewa yote. Hapo ndipo nikazidi kumshuku, kwa sababu anayefichua siri upesi hivyo anafunika nyingine.

Akaonja rubisi, akaniletea kata mimi kwanza, jirani wa mpakani.

"Mzee wangu, kunywa."

"Na hii kata," nikamwuliza, "ina sakafu ngapi?"

Watu wakacheka. Yeye aliiweka kata chini bila kumwaga hata tone, akachukua baiskeli yake, akaikokota kuelekea barabara ya Kaisho. Hakurudi tena.