Kasoro ya Mama

Kwenye sherehe yoyote ambapo akina mama wanachovya kuku kwenye maji moto ili wawanyonyoe, wenzangu husikia njaa. Mimi husogea pembeni. Harufu ile ya manyoya yaliyolowa hunirudisha nyuma ya jikoni yetu, penye karai la bati, Mama amekunja mikono ya sweta, anaosha jogoo mzima, aliye hai, kwa sabuni ya kipande. Alimwosha kama mtoto anayepelekwa kliniki, mpaka kati ya vidole. Jogoo mwenyewe alifumba macho na kutulia, maana maji yalikuwa ya vuguvugu na kwetu kulikuwa na baridi kali.

Tulikaa juu kuelekea Molo, kwenye shamba dogo la viazi na pareto. Mama alifuga kuku wekundu wa Rhode Island, na hakuwafuga kwa ajili ya mayai. Aliwafuga kwa ajili ya maonyesho ya kilimo pale Nakuru, ambako jaji aliyevaa koti jeupe aliwapima kwa masharti ambayo Mama aliyajua kama sala. Undu, lile taji jekundu kichwani, uwe na ncha tano na usimame wima. Miguu iwe ya manjano, ndewe za masikio ziwe nyekundu bila doa. Manyoya yawe mekundu ya kuiva, si juu tu, hata chini kwenye ngozi.

Hilo la mwisho ndilo lililomnyima usingizi. Katikati ya 2007 jogoo wake alipata nafasi ya pili, na sababu ilikuwa weupe kidogo chini ya manyoya ya shingo, weupe ambao hauonekani mpaka upulize. Mama alirudi nyumbani na utepe wake wa namba mbili, akautundika juu ya redio, na tangu siku hiyo akawa mkali kuliko jaji mwenyewe. Vifaranga walipoanza kuota manyoya ya kikubwa, aliketi kwenye kigoda na mimi nikamletea mmoja mmoja. Alimgeuza, akamtanua bawa, kisha akainamisha uso na kumpulizia shingoni taratibu, manyoya yakafunguka mpaka ngozi ikaonekana. Kisha alisema neno moja tu, abaki au atoke. Hakuwa na huruma na hakurudia kumwangalia aliyemtoa. Nami nilijifunza kuona kasoro kabla hajasema, nikajiona mtaalamu, mtoto wa darasa la nne.

Waliotolewa walienda kwa Anko Ezra, kaka mkubwa wa baba, aliyekaa ng'ambo ya boma la ng'ombe. Anko Ezra aliwapenda sana kuku wenye kasoro. Asubuhi za kuchagua alikuwa akipita bila kuitwa, akiuliza kama kuna mgonjwa yeyote anayehitaji kusaidiwa. Alimtania Mama kwamba siku atakapopata kuku wote wazuri, yeye atakufa njaa. Mama alicheka mpaka akashika mbavu, na nyama ilipoiva kwa Anko, bakuli letu lililetwa limefunikwa.

Sasa niwaambie lililo zito. Mama hakuwa wa kabila la baba. Msiniulize nani alikuwa wa lipi. Wakati ule kila mtu aliuliza hivyo, na mimi swali lile lilinitosha. Nyumbani tuliongea Kiswahili, na mpaka baada ya uchaguzi wa 2007 sikujua kwamba hilo lilikuwa na sababu. Kisha moshi ukaanza kuonekana ng'ambo ya bonde, shule hazikufunguliwa, duka la pale njia panda likachomwa, na mwenye duka, ambaye alitupa peremende tukitumwa chumvi, hakuonekana tena.

Anko Ezra alikuja mchana, akaketi sebuleni bila kuulizia kuku. Mimi nilikuwa jikoni nikimenya viazi, na mlango wa katikati haukuwahi kufungika vizuri. Alikunywa chai yote kwanza. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Daudi, mimi sina shida na yeye. Lakini si wa kwetu, na hao vijana wanaochoma washajua. Atoke mwenyewe kabla hawajakuja kumtoa. Wewe na mtoto mbaki."

Nilingoja baba amjibu. Baba yangu aliendesha trekta za watu, na maneno yake yalikuwa machache hata siku za raha. Siku ile hakusema kitu. Nilisikia kikombe kikiwekwa mezani, kisha Anko akaaga. Nilimchukia baba kwa ule ukimya wake. Nilifikiri anakubali.

Na hapa ndipo nilipofanya jambo ambalo labda ni mtoto wa Mama peke yake angelifanya. Nilijua kwamba hatolewi mtu bure. Kwetu aliyetolewa alikuwa na kitu, na kitu hicho kilionekana ukiangalia vizuri. Kama Anko alikuwa amekiona, nami ningekiona, na pengine kilikuwa kidogo cha kufichika. Kesho yake Mama aliketi uani kwenye kigoda chake, nikamwomba nimfumue nywele. Nilianza na masikio, nikayageuza mbele na nyuma. Niliangalia kucha, moja moja. Nikapiga magoti nikamvua malapa na kutanua vidole vya miguu. Hakukuwa na kitu. Basi nikasimama nyuma yake, nikatenganisha nywele za kisogoni, nikampulizia shingo.

Mama alishtuka kidogo. "Unatafuta nini?"

"Kasoro," nikamwambia. "Ile Anko ameona."

Hakugeuka. Alitazama banda la kuku. Nikamwambia asiogope, sijaiona, labda Anko amekosea. Kisha nikakumbuka kwamba mtoto wa kuku mwenye kasoro huwa nayo pia, hata kama haijatokeza, na Mama mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo. Nikamuuliza, "Na mimi nitatolewa lini?"

Baba alikuwa amesimama mlangoni na jembe mkononi. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Aliegemeza jembe ukutani, akaingia ndani, na nikasikia akivuta sanduku la nguo kutoka chini ya kitanda. Alipotoka alikuwa amevaa koti lake la kanisani, na kwenye sanduku alikuwa ameweka nguo za watu watatu.

Mama ndiye aliyefungua mabanda. Aliwaachilia wote, wa kubaki na wa kutoka, na jogoo aliyekuwa akimwandaa kwa maonyesho yajayo, ambaye shingo yake ilikuwa nyekundu mpaka ngozi, akatoka nao akaanza kuparua kwenye viazi. Anko Ezra alitutazama kutoka boma la ng'ombe, hakuja. Tulishuka mpaka kituo cha polisi, na kutoka hapo lori lililosomba watu likatupeleka Nakuru, kwenye uwanja ule ule wa maonyesho, uliokuwa umejaa mahema. Nililitambua banda la kuku. Watu walikuwa wameanika blanketi kwenye vizimba vyake.

Waliokimbilia pale walikuwa watu wa Mama. Kwenye lango vijana wenye macho mekundu walimuuliza baba jina lake kwa lugha asiyoijua vizuri, naye akalitaja lote, mpaka la babu yake, kwa Kiswahili. Walitazamana. Mmoja alimwambia arudi alikotoka, watu wake ndio waliotuchomea. Mama alimpa sanduku baba alishike, akasimama kati yao. "Huyu ndiye ametuleta," akasema. "Akirudi, tunarudi naye." Mzee mmoja aliyekuwa akichota maji akasema watuache tuingie, mtoto asilale nje. Wakatupisha.

Jogoo yule sikumwona tena. Hatukurudi kule juu. Baadaye tulikodi chumba mjini, baba akapata kazi ya kuendesha lori la mchanga. Mama anafuga kuku mpaka leo, wa rangi zote na miguu yoyote, na mtu akimsifia mmoja kwamba anafaa maonyesho humwambia ni wa mayai tu. Anko Ezra alikuja kutuona miaka kadhaa baadaye, amezeeka, akalia kwenye kiti. Mama alimpikia.

Lakini ninayemfikiria zaidi ni baba, katika wiki zile za mahema. Wanaume wengine walitoka kutafuta vibarua au walijificha ndani kutokana na jua. Baba alikaa nje ya hema, kwenye jua kali, koti la kanisani mwilini, tangu chai mpaka jioni, mahali ambapo kila anayepita alimwona. Nilimwonea aibu. Nilidhani ameishiwa na akili, anaota jua kama mjusi huku Mama akipanga foleni ya unga. Nilikuwa mtu mzima, nina mume na mtoto wangu, niliposikia Mama akisema kwamba kila usiku pale uwanjani baba alikuwa na hofu, na yeye ndiye aliyemfungulia vifungo vya koti. Alikaa nje mchana ili asije mtu kusema kuna mmoja wa wale waliotuchomea amejificha humu, kwa sababu wakianza kutafuta wangefungua kila hema. Siku ile nyumbani Anko alipomtaka achague, hakunyamaza kwa kukubali. Alikuwa anafikiria ni wapi atatupeleka, ambako asiyefaa atakuwa yeye, si Mama.