Kucha za Mama

Tk. Tk. Mjukuu wangu akikaa kizingitini kukata kucha, mimi huinuka nikaenda uani. Hudhani nimemkasirikia. Mwacheni adhani. Nyinyi nitawaambia.

Nilikuwa na miaka minane, au tisa, hakuna aliyeandika. Uhuru ulikuwa mchanga, bendera mpya haijapauka bado. Tulitoka kisiwani kwetu Nosy Be kwenda mji wa Mahajanga, ng'ambo, mimi na mama, kwenye harusi ya mama mdogo. Tulipanda meli ndogo iliyobeba magunia ya sukari ya kiwanda cha Dzamandzar, na mpaka leo harufu ya gunia lililolowa hunichafua roho. Siku ya pili mama alinishika kifundo cha mkono, akakaza. Nikadhani anaogopa nisianguke majini. Akaachia, akakaza tena. Kucha zake alikuwa ameziacha zikue makusudi, apakwe hina harusini.

"Mama, unaniumiza."

"Nyamaza. Kuna watu."

Ndivyo tulivyolelewa. Mwanamke hapigi kelele akiumwa. Bibi yangu alizaa watoto saba, na kila mara jirani wa ukuta mmoja alijua kwa kilio cha mtoto tu. Kwetu hilo lilisemwa kwa majivuno, kama wengine wanavyojivunia nyumba za mawe.

Mama mdogo alipotupokea alimtazama dada yake akacheka. "Umeila achari ya watu wa melini, wewe! Kunywa tangawizi, kesho nataka vigelegele." Mama naye akacheka. Asubuhi alisaga liwa akajipaka usoni, nene kuliko siku zote, lakini jasho likachora mifereji ndani yake. Alipotapika mara ya tatu, mama mdogo aliacha utani, akatuitia puspus, kigari cha kuvutwa na mtu. Mvutaji alikimbia pekupeku, na kila gurudumu lilipoingia shimoni kucha zilizama mkononi mwangu. Mama akaniinamia sikioni.

"Huko hospitali, mdomo wako ufunge. Usinitangaze."

Daktari alikuwa Mfaransa mwenye miwani, amechoka, na benchi la wagonjwa lilifika hadi nje. Lugha yetu hakuijua. Aliyekuwa katikati ni nesi, mwanamume wa nyanda za juu. Akamuuliza mama maumivu yakoje: yanachoma, yanakata, au yanabana? Ni makali?

"Kelikely," mama akasema. Kidogo tu. Tena kwa tabasamu, kama mtu aliyekaribishwa chakula akajibu ameshashiba.

"Tangu lini?"

"Jana. Lakini kidogo tu."

Nesi akatafsiri. Daktari akashika kalamu aandike dawa ya unga, turudi nyumbani. Na muda wote huo, chini ya saluva aliyojifunga, mama alikuwa ananikaza mkono.

Niliitazama ile kalamu ikitembea. Sijui nilijuaje, ila nilijua ikifika mwisho wa karatasi mama yangu harudi Nosy Be. Nilijua pia kwamba nikisema nitapigwa. Na maneno yenyewe sikuwa nayo, si kwa lugha yake wala kwa yetu. Basi nikauchomoa mkono, nikapandisha mkono wa gauni mpaka kwenye kiwiko, nikauweka juu ya karatasi anayoandika. Alama za kucha, kama vijimwezi vichanga, zilijaa kifundo chote, nyingine zimeshaiva bluu, nyingine mbichi. Tone la damu likaingia kwenye wino.

Daktari akaacha kuandika. Akautazama mkono wangu, kisha kucha za mama. Akainuka, akamlaza, akambonyeza tumbo upande wa kulia, akaachia ghafla. Mama akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Walimpasua mchana uleule. Kidole tumbo. Nesi alimwambia mama mdogo kwamba tungerudi nyumbani, jioni isingemkuta.

Siku ya tatu niliruhusiwa kumwona. Niliingia nimekaza shavu, nangoja kofi. Mama akaniomba mkono, akautazama, akautazama. "Umenisema," akasema, basi. Kisha akaomba mkasi kwa mama mdogo, akazikata kucha zote kumi, tk, tk, mpaka karibu na nyama. Hakuziacha zikue tena. Hata harusini kwangu alipakwa hina kwenye vidole butu.

Miaka yote hiyo niliziona kucha zile fupi kama lawama. Nilimvunjia heshima mbele ya wanaume wawili, nami nikaapa sitamvunjia tena. Kwa hiyo nilipojifungua mtoto wa kwanza niliuma kanga, kimya, macho yananitoka. Mama alikuwa kando yangu. Akaivuta ile kanga kinywani mwangu, akakunja mkono wa gauni lake, akanipa kifundo chake.

"Kaza," alisema. "Na upige kelele, mwanangu."

Ndipo nilipojua kwamba hakuwahi kunikasirikia, na kwamba kucha zile alizikata kwa ajili ya mkono wangu.

Nikapiga kelele. Jirani wa ukuta mmoja akaja mbio.